Daftari la hazina: kutoka Katoro hadi Mwanza na kurudi

Jumatano, Juni 25, 2025

Tuliondoka Katoro saa kumi na mbili asubuhi kwenda kongamano la vijana wa kanisa Mwanza, watu watatu: mwenyekiti wetu wa vijana, binti mmoja wa kwaya aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, na mimi mhazini. Mama alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa kitambaa akaniagiza niwagawie wenzangu, maana kongamanoni watu hushiba neno mchana na usiku njaa inawaamsha. Kwenye mkoba nilikuwa na Biblia, kanga mbili, sabuni na daftari la hazina.

Daftari hilo huwa siliachi nyumbani. Kanisani wanadhani ni uaminifu. Nitaisema sababu yake hapa mwanzoni, kwa kuwa bila hiyo safari hii haielezeki. Daftari lilisema vijana tuna shilingi 486,000, na kwenye laini ya simu ya kikundi zilikuwemo 366,000. Mimi ni fundi cherehani. Mwezi wa Aprili nilipata kazi ya sare za harusi, mteja akanipa nusu ya fedha, nikapungukiwa za jora la kitenge. Nikachukua 120,000 za vijana nikijiambia ni wiki mbili tu. Harusi ikaahirishwa. Wiki mbili zikawa miezi miwili, na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu hakuna mwingine aliyelifungua daftari lile.

Nililala ndani ya basi mpaka Sengerema. Tulipokaribia Busisi kelele ziliniamsha: abiria wote wamesimama, hata wenye watoto mgongoni. Daraja la J.P. Magufuli lilikuwa limefunguliwa Alhamisi ya wiki iliyotangulia, tarehe 19, na wengi wetu tulikuwa hatujalipita. Sisi wa Geita tumekua tukijua kwamba Mwanza iko ng'ambo ya foleni. Unafika Busisi, unashuka, unanunua mahindi ya kuchoma, unasubiri kivuko. Nilipokuwa darasa la sita tulimpeleka bibi Bugando kutibiwa, tukakaa kwenye foleni ile tangu alasiri hadi jua likazama, bibi amelala kwenye kiti cha nyuma na mama anampepea kwa kanga. Sasa tukaingia juu ya maji, kama kilomita 3, na mzee aliyekaa mbele yangu akavua kofia akaishika kifuani mpaka tulipofika Kigongo. Hakusema kitu. Nami nilimkumbuka bibi, nikageukia dirishani.

Usagara, Buhongwa, Mkolani, halafu Nyegezi, tukashuka. Binti wa kwaya hajawahi kufika Mwanza. Alipoona yale mawe, moja limebebwa na jingine, na nyumba zimepanda mlima kila moja imeegemea jiwe lake, aliuliza ni nani aliyeyapanga. Mwenyekiti akamwambia asubiri ibada ya jioni atajibiwa.

Tulipokelewa kwenye shule moja upande wa Kirumba, wasichana madarasa ya chini, wavulana ya juu, magodoro sakafuni. Tulikuwa zaidi ya mia tatu, kutoka Magu, Misungwi, Kwimba, visiwani Ukerewe, Geita kwetu, wengine Muleba na Bukoba. Mambo ya kuandikishwa na kupewa vitambulisho nayaruka, yalichukua muda mrefu na hayana la kusimulia.

Ibada ya kufungua, mhubiri alisoma 1 Timotheo 4:12. Sidhani kama kuna kongamano la vijana ambalo mstari huu hausomwi, ule wa mtu asiudharau ujana wako. Sisi huupenda kwa sababu tunauishia katikati. Tunausikia kama amri kwa wazee, waache kutudharau. Yeye hakuishia hapo. Alisoma nusu ya pili, kwamba kijana ndiye aliyeagizwa kuwa kielelezo katika usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi, akaendelea hadi mstari wa 16, Timotheo anapoambiwa ajitunze nafsi yake kwanza, ndipo mafundisho yake. Alisoma taratibu, akafunga Biblia. Nilikuwa nimeukalia mkoba wenye daftari.

Alhamisi, Juni 26

Maombi ya alfajiri saa kumi na moja. Baridi ya ziwa haina utani; nilijifunga kanga zote mbili.

Baada ya uji tuligawanywa vikundi vya watu kumi na wawili kujifunza Luka 5. Kiongozi wa kikundi chetu alikuwa kijana mvuvi wa dagaa kutoka kisiwa cha Ukara. Alipojitambulisha kuna waliotazamana. Elimu yake ni darasa la saba, alisema mwenyewe, na kikundini tulikuwa na wanachuo wawili na mwalimu mmoja. Nami nakiri nilifikiri: tumepata kikundi dhaifu.

Akaanza kwa kutuuliza mwezi uko wapi. Hakuna aliyejua. "Ndiyo kwanza unaandama," akasema. "Wiki hii ni giza. Wenzangu wako kazini."

Akatueleza kazi yake. Dagaa huvuliwa gizani. Taa huelea juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za betri na za sola, dagaa wanaufuata mwanga, na wavu unazungushwa chini yao. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatanda ziwa zima, taa inakosa nguvu, na wavuvi hukaa mwaloni wakishona nyavu. Kwa hiyo wiki ya giza ndiyo wiki ya fedha, na yeye ameiacha aje akae nasi kwenye dawati. Wale waliotazamana waliinamisha vichwa.

Kisha akasoma. Petro na wenzake wamevua usiku kucha, hawakupata kitu, na Yesu anawakuta wakiosha nyavu. "Nyie mnasoma haraka hapo," alisema. "Kuosha nyavu ni kufunga hesabu. Ukishaosha umekubali: leo ni hasara. Na anayekuambia uzishushe tena, na jua limeshatoka, anakuambia uchafue kilichokwisha kusafishwa, na utakiosha tena wewe, siyo yeye." Mwalimu wetu aliandika. Mwanachuo mmoja akauliza kwa nini basi Petro alikubali. Mvuvi akasema hata yeye hujiuliza, ila ameona jambo moja: kabla ya samaki, Yesu alikuwa ameomba mtumbwi akae humo afundishe. Petro alikwisha kumpa chombo. "Ukishampa mtu chombo chako, neno lake lina njia ya kuingia."

Ila lililonichoma lilikuja mwishoni. Nyavu zimejaa, zinaanza kukatika. Petro anafanya nini? Anawapungia mkono wenzake wa mtumbwi mwingine waje. Mvuvi alituambia jambo hilo si dogo kama tunavyodhani. Wapo wanaoona bora wavu upasuke kuliko mwenzake ajue amepata kiasi gani, au amekwama kiasi gani. "Samaki wale wangemzamisha. Baraka ileile. Aliita watu kabla mtumbwi haujazama."

Mchana tulifundishwa historia. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifungua kituo Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, mwaka 1888, na mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Kabla ya hapo, mwaka 1883, Wamisionari wa Afrika wa Kikatoliki walikuwa wamefika Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Mwalimu alitaka tujue kwamba imani hii pwani ya ziwa letu ina zaidi ya miaka 130, na si kitu kilichokuja na vipaza sauti. Nilipenda alivyosema. Wengi walikuwa wanasinzia, ugali ulikuwa umeingia.

Jioni kila eneo lilitakiwa lieleze kwa nini vijana wanapotea kanisani. Walio wengi walitaja simu na mziki. Mwenyekiti wetu alisimama akasema Katoro vijana hawajapotea, tunajua walipo: wako kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kwenye mialo. (Watu wa visiwani walishangaa. Kwao mwalo ni pale mitumbwi inapofunga. Kwetu ni pale mchanga wa dhahabu unapooshwa. Ziwa moja, neno moja, kazi mbili.) Akasema mchimbaji akitoka chini Jumapili asubuhi amelowa na hajalala, na ibada yetu ni saa nne, na sisi tumevaa sare. Ni nani aliyemwacha mwenzake? Akaketi. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nilijivunia, halafu nikaona uchungu, kwa sababu huyu ndiye mtu niliyekuwa nikimpa taarifa ya fedha kila mwisho wa mwezi naye anasaini bila kusoma.

Ijumaa, Juni 27

Siku hii sijui niianze wapi.

Saa tatu tuliingia semina ya uongozi, wenyeviti darasa hili, makatibu lile, wahazini letu. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mhasibu mstaafu na mzee wa kanisa, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza ni nani aliyekuja na daftari lake. Tulikuwa wahazini ishirini na kitu. Niliyekuja nalo nilikuwa mimi peke yangu.

"Lete nilione, mwanangu."

Miguu ilinipeleka. Alifungua ukurasa hadi ukurasa, ametulia, miwani imeshuka puani. Nami husifiwa hati yangu tangu shule ya msingi. Mistari napiga kwa rula, mapato kwa wino wa bluu, matumizi kwa mwekundu, na kila risiti nimeibandika mahali pake. Akaliinua juu. "Angalieni hati hii. Angalieni mpangilio." Likazungushwa darasa zima, dawati kwa dawati, na kila aliyelipokea alinitazama kwa heshima. Kijana wa Kwimba alilipiga picha kwa simu akajifunzie. Moyo ulinienda mbio hata nikahisi wanausikia.

Liliporudi mikononi mwake akauliza, kwa sauti ileile ya upole, "Na nani mwingine husaini humu?"

"Mwenyekiti, mwisho wa mwezi."

"Anaona fedha, au anaona karatasi?"

Nikasema anaona karatasi. Hakuongeza neno kwangu. Aligeukia ubao akaandika 2 Wakorintho 8, akatusomesha kuanzia mstari wa 16. Sijawahi kusikia sehemu hiyo ikihubiriwa. Makanisa yamechangia fedha kwa ajili ya wenzao walio na shida. Paulo anampeleka Tito, na pamoja naye ndugu ambaye amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu yeyote asije akawalaumu kwa habari ya mchango ule. Anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mama akatuambia tuangalie ni nani anayesema hivyo. Huyu ni mtume, aliyeonana na Bwana njiani, aliyefungwa na kupigwa kwa ajili ya Injili, na bado hakukubali kubeba mfuko peke yake. "Ninyi mna nini zaidi ya Paulo?" Akatupa utaratibu: watu wawili kwenye laini ya simu, mmoja akishika namba ya siri na mwingine akishika laini, fedha zihesabiwe mbele ya watu siku ileile zilipotolewa, kila miezi mitatu mtu asiye kiongozi alinganishe daftari na salio. Aliurudia mara mbili. Niliandika kila kitu kwa hati yangu nzuri.

Sikula mchana.

Usiku ulikuwa wa kesha. Tuliimba, tukaomba, vikundi vikapokezana. Binti wetu wa kwaya, ambaye nyumbani akiombwa kufunga kwa sala hujificha nyuma ya wenzake, aliitwa aombee vijana wa machimboni. Alinyamaza muda mrefu hata nikataka kwenda kumshika mkono. Kisha akaanza kuwataja, jina moja baada ya jingine, watoto aliosoma nao, yule aliye duara gani, yule aliyeumia mguu kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Hakutumia maneno yoyote makubwa. Alipomaliza watu hawakusema hata "amina" kwa dakika nzima. Walikuwa wakilia.

Saa nane usiku tulipewa mapumziko. Nyuma ya shule kuna jiwe kubwa la kukalika watu thelathini. Tulipanda. Ziwa lote mbele yetu lilikuwa limewashwa. Taa mamia na mamia, zingine zimetulia, zingine zinasogea, ukitazama haraka utadhani ni mji mwingine ng'ambo. Mvuvi wa Ukara alisimama pembeni. Nikamwuliza kama anajutia fedha alizoziacha humo majini. Akanijibu anawaza upepo. Kisha akasali kimyakimya, akiwa macho wazi, ameelekeza uso kule kwenye taa. Mimi nilijaribu kuomba nikashindwa. Kila nilipofumba macho niliona wino wa bluu.

Jumamosi, Juni 28

Kulipokucha nilimfuata mama mhasibu bombani akichota maji ya kunawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujalala."

Nikamwambia yote palepale, ndoo ikijaa na kumwagika. Sikumwona akishtuka. Nilimaliza kwa kusema harusi sasa ni Jumamosi hiihii, mteja akinilipa nitarudisha, na tangu hapo nitafuata utaratibu wake wote. "Dawa ya deni kulipa, mama," nikasema.

Alifunga bomba. "Ya deni, ndiyo. Hili si deni. Deni, mwenye mali anajua kwamba anakudai."

Nikasema nitarudisha kwanza, halafu nitasema.

"Ukirudisha kwanza hutasema. Nimekaa kwenye hesabu za watu miaka mingi, sijamwona aliyesema baada ya kurudisha. Utaona salio limelingana na utajiambia hakuna kilichotokea. Na siku nyingine utachukua tena, kwa kuwa uliwahi kurudisha."

Niliuliza kama naweza kuungama kwake iishe. Akaniambia yeye si mzee wa kanisa langu, na zilizotoka Katoro zinajibiwa Katoro. Kisha akanishika kichwa kwa mikono yake miwili yenye maji, akaniombea. Sala yenyewe ilikuwa fupi. Baada ya hapo akabeba ndoo yake, akakataa nimsaidie.

Nimeandika maneno yake kama nilivyoyasikia, kwa sababu siku tatu zilizofuata niliyatafuta mwanya nisiuone.

Asubuhi hiyo baadhi yetu tulipelekwa Igoma, kwenye makaburi ya walioangamia na MV Bukoba. Wenzetu wa Kagera ndio walioomba. Meli ile ilikuwa ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ikapinduka Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika. Ilijengwa kuchukua abiria 430, na waliofariki hutajwa kuwa zaidi ya 800. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha.

Kijana wa Muleba alitoa ushuhuda, yeye aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya ajali. Babu yake alipandia Kemondo, daraja la tatu, na ndizi za kuuza. Kwa kuwa hakuna karatasi iliyomtaja, bibi aliandika jina lake na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia ya nyumbani, akisema walau kitabu kimoja kimjue. Kila Mei 21 wanaufungua ukurasa huo. Mvuvi wa Ukara naye akasema kwao ni Septemba 20, 2018, siku ya gulio. MV Nyerere, kivuko cha kwao, ilikuwa na uwezo wa watu 101, ikapinduka ikiwa karibu na gati la Bwisya, watu wakiwatazama kutoka nchi kavu. Walikufa zaidi ya 220. Aliishia hapo, nasi hatukumwuliza zaidi.

Tuliimba wimbo mmoja. Nilikaa kwenye nyasi nikiwaza juu ya orodha. Mimi nilikuwa nimeandika kila shilingi ya watu vizuri kabisa, isipokuwa ile moja niliyoichukua mwenyewe. Karatasi safi inaweza kuwa na watu waliozama chini yake na hakuna anayejua. Sipendi kulinganisha fedha yangu na vifo vya watu, ni vitu viwili tofauti mno, lakini ndivyo nilivyowaza nikiwa pale, na naandika nilivyowaza.

Mchana mashindano ya kwaya. Magu walishinda. Walistahili.

Jumapili, Juni 29

Ibada kubwa ilifanyika nje, turubai zimefungwa kati ya madarasa mawili, wenyeji wa mtaani wamejaa. Kuna wimbo ulioimbwa Kisukuma, na mama wa jikoni waliacha masufuria wakaja wakicheza na miiko mikononi. Wakati wa kuwawekea mikono viongozi vijana, wahazini tuliitwa pamoja na wengine. Sikwenda. Mwenyekiti alinitazama kutoka mbele, ananiita kwa jicho, nikatikisa kichwa. Alidhani ninaumwa.

Saa saba na nusu, niko kwenye foleni ya chakula, simu ikaita ujumbe. Mteja wa harusi. Shughuli imekwenda vizuri, sare zimependeza, na amenitumia fedha zote zilizobaki. Nikaangalia salio langu. Lilitosha 120,000 na chenji. Vidole vilijua njia: tuma, namba ya laini ya kikundi, kiasi. Nisingechukua hata dakika mbili, na daftari lingekuwa kweli kuanzia juu hadi chini.

Nilitoka kwenye foleni nikaenda mpaka kwenye lile jiwe. Mchana ziwa halina taa, ni maji tu, na mbali kule mitumbwi inarudi. Nilizima simu. Nilimwambia Mungu kwamba naogopa, basi. Nilipokuwa nikiomba kwa maneno mengi sikuwa nimewahi kumwambia hivyo.

Jioni tuliagana. Mvuvi aliondoka mapema kuwahi usafiri wa kisiwani, giza bado lipo, ana siku chache za kufidia. Nilimpa michembe iliyobaki. "Wabeja," akasema, kwa Kisukuma cha kujifunza, tukacheka.

Jumatatu, Juni 30

Basi la saa moja. Mwenyekiti alikaa kati yetu, anazungumza tangu Nyegezi, ana mipango: kujifunza Biblia kule kule mwaloni, Jumapili saa tisa alasiri, tukivaa nguo za kawaida. Nilimwacha amalize. Tulipoingia darajani nikalitoa daftari nikamwambia, "Kaka, humu mna uongo, na ni wa kwangu." Nikamweleza. Daraja lilikwisha nikiwa bado naeleza.

Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja, kama kuna wakati alisaini na fedha hazikuwepo. Nikamwambia mara mbili, Aprili na Mei. Akageukia dirishani na hakusema nami tena hadi Geita. Pale alishuka, akanunua maji chupa tatu, akanipa moja bila kunitazama. Binti wa kwaya alikuwa amesikia kila kitu. Alinilalia begani mpaka Katoro, na sikujua kama amelala kweli.

Jumatano, Julai 2

Hii si siku ya safari, ila safari haikuishia stendi.

Kikao kilikuwa saa kumi jioni: mchungaji, wazee watano, kamati ya vijana. Niliomba nisome taarifa ya kongamano mwishoni na niseme langu mwanzo. Nilisimama, nikasema tarehe, kiasi, na nilichonunua. Ndipo nikaweka bahasha mezani. Mzee mmoja alizihesabu kwa sauti, noti moja moja, na mimi nikaona ni haki.

Maswali yaliulizwa mengi. Mama mmoja, ambaye mwanawe huchanga elfu mbili mbili za kuchoma mahindi, alisema maneno ambayo bado yananiuma, na sina pa kumlaumu. Mchungaji aliuliza ni nani aliyeligundua. Mwenyekiti akajibu, "Hakuna. Ameleta mwenyewe," kisha akaongeza kwamba naye alisaini bila kuhesabu na wamwandike. Wakaandika. Waliamua niache hazina hadi Desemba, nibaki kwenye kikundi, na laini iwe na watu wawili. Mhazini mpya ni kijana wa bodaboda. Wa pili, wa kushika namba ya siri, ni yule binti wa kwaya.

Jumapili iliyofuata tulikwenda mwaloni, chini ya turubai la mama ntilie. Tulisoma Luka 5. Walikuja watu kumi na mmoja, watatu bado wana tope hadi magotini, na mmoja aliuliza swali lile la kwa nini Petro alikubali. Mwenyekiti alinigeukia nijibu. Nikawasimulia habari ya mvuvi wa Ukara na mtumbwi.

Tuliporudi, kijana wa bodaboda alikaa nami barazani kwa mama. Alikuwa na daftari jipya na fedha za sadaka ya siku ile, 8,400, zikiwa zimehesabiwa mbele ya wote. Hajui mistari ianzie wapi. Mkono wake mzito, umezoea usukani. Akaandika tarehe, ikapinda, akataka kuchana ukurasa. Nikamwambia aiache. Nikamshikia rula, akapiga mstari.